Sukari inayoshuka kimyakimya: kisa cha mkulima wa korosho mkoani Mtwara

Usuli

Mgonjwa ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mkulima wa korosho katika wilaya moja ya bara mkoani Mtwara. Ana kisukari cha aina ya 1, ambacho kongosho huacha kutengeneza insulini, kwa zaidi ya miaka 10, uzito wake ni kilo 58, na figo zake ni nzima. Umri na baadhi ya mazingira yamebadilishwa ili asitambulike. Vipimo vyote vya sukari humu ni vya mmol/L. Anayetumia mg/dL azidishe kwa 18.

Insulini yake ilikuwa mchanganyiko wa 70/30 (asilimia 70 ya kati, inayofanya kazi polepole, na 30 ya haraka), ile ya chupa yenye rangi ya maziwa: yuniti 24 asubuhi na 16 jioni. Jumla ni yuniti 40 kwa siku, karibu 0.7 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu mwembamba anayeshinda shambani, hiyo ni dozi kubwa. Hakuanza nayo. Ilipandishwa kidogo kidogo kliniki, na kila mara sababu ilikuwa moja: sukari ya asubuhi kabla ya kula ilisoma 11 au 12. Stripu, vile vipande vya kupimia sukari kwenye mashine, alizipata kwa shida, kwa hiyo alipimwa siku ya kliniki tu, asubuhi tu. Sukari yake ya mchana na ya usiku wa manane haikuwa imewahi kuonekana na mtu yeyote.

Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa takriban miezi 3, kilikuwa asilimia 6.1, na pembeni yake daftarini paliandikwa "vizuri sana". Asilimia 6.1 ni wastani wa karibu 7.1. Tatizo la wastani ni kwamba haukuambii umetokana na nini. Anayeshinda kwenye 7 siku nzima na anayeruka kutoka 2.7 usiku hadi 12 alfajiri wanaweza kutoa jibu lilelile. Tena kwenye maeneo ya malaria na selimundu, HbA1c huweza kusoma chini kuliko hali halisi, kwa kuwa chembe nyekundu hufa kabla ya muda wake. HbA1c ya 6.1 kwa mtu wa aina ya 1 anayechoma mchanganyiko mara mbili kwa siku, bila stripu, ilistahili kumshtua aliyeisoma.

Miezi michache nyuma alikuwa amepata degedege usiku. Aliandikiwa kifafa na kuanzishiwa fenobabitali miligramu 60 kila usiku. Kwenye kumbukumbu za siku ile hakuna namba ya sukari.

Mfululizo wa matukio

Msimu wa kuokota korosho ulipoanza Oktoba, ratiba yake ilibadilika lakini dozi ikabaki ileile. Alijichoma saa 12 asubuhi, akanywa chai kwa kipande cha muhogo, kisha akatembea zaidi ya saa moja hadi shambani. Huko kazi ni kuinama, kuokota, kunyofoa korosho kwenye bibo na kubeba ndoo. Sehemu kubwa ya mchanganyiko wa 70/30 hupata nguvu zake zote kati ya saa ya 4 na ya 8 tangu kuchomwa. Kwake ilikuwa kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, wakati uleule misuli inanyonya sukari kwa kasi na tumbo limebaki na muhogo wa alfajiri.

Dalili ya kwanza ambayo watu waliiona ilikuwa kwenye hesabu. Ghalani kwa chama cha msingi alizikataa kilo zilizosomwa kwenye mizani, akayahesabu magunia yake upya mara kadhaa, kila mara akafika kwenye idadi nyingine, na ulimi ukawa mzito. Ni msimu wa mabibo, uraka, pombe ya mabibo, upo kila kijiji. Waliokuwepo wakasema amelewa. Kijana mmoja akampa soda anywe atulie. Baada ya kama robo saa mtu akarudi kuwa mwenyewe, akaanza kuomba radhi. Dalili zinazoendana na sukari kushuka, zinazoondoka sukari inapopandishwa: kilichokosekana hapo ni kipimo tu.

Nyumbani mambo yalikuwa yameshaanza. Mkewe alieleza kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa akiamka saa 8 au saa 9 usiku na kukuta shuka limelowa jasho, mumewe anaguna, macho wazi, akiitwa "Baba Fulani" haitiki. Akijaribu kumnywesha chai alisukumwa. Asubuhi mume hakumbuki lolote na anakasirika akisimuliwa. Mjomba wa mgonjwa, mwenye kauli kwenye ukoo, aliona ni mashetani, na kombe likaandikwa, yaani aya zinazooshwa kwa maji ili mgonjwa anywe.

Kisha alfajiri moja degedege likarudi, akajing'ata ulimi. Alipakiwa kwenye bodaboda kati ya dereva na mkewe hadi zahanati. MRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ilisoma chanya, akachomwa artesuneti na kupewa rufaa. Mashine ya sukari ilikuwepo, stripu zimeisha. Kituo cha afya kilichompokea kilipima kabla hata hajaandikishwa: 1.6. Aliwekewa dripu ya dekstrosi ya asilimia 10, mililita 250, sawa na gramu 25 za sukari. Alifumbua macho dripu haijaisha, na kipimo kilichofuata kilisoma 7.9. Hata hivyo alibaki mzito wa kufikiri hadi jioni, akiuliza swali moja tena na tena.

Alilazwa siku 3, akapimwa mara 6 kwa siku kwa dozi ileile ya nyumbani iliyopunguzwa yuniti 2 tu kila sindano, ili mwenendo uonekane chini ya uangalizi. Siku ya pili ilisomeka hivi: saa 12 asubuhi 11.8, saa 5 asubuhi 4.1, saa 8 mchana 3.1, saa 12 jioni 9.4; saa 4 usiku 7.0, saa 9 usiku 2.7. Hapo yuko kitandani na anakula chakula cha wodi. Ya shambani unaweza kuyakisia.

Kile kipimo cha saa 9 usiku ndicho kilichobadilisha mawazo ya timu nzima. Nesi alimkuta amekaa.

"Kaka, unajisikiaje?"

"Mzima, sista. Hamna shida."

Mashine ikasoma 2.7. Sukari ilipokuwa ikikorogwa kwenye glasi, aliambiwa atoe 3 kutoka 50 na kuendelea kutoa. Akasema 47, 44, halafu 44 tena, halafu 40, akacheka. Hakutokwa jasho, mikono haikutetemeka, mapigo yalikuwa 76. Saa moja baadaye sukari ikiwa 8.2, alishuka kutoka 50 hadi 20 bila kukosea. Kuhusu swali la kwanza la kuhesabu, alisema hakuulizwa.

Kilichokuwa kikitokea kwenye ubongo

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, na karibu yote huipata kwenye glukosi. Akiba yake ni ndogo sana. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi, ubongo wake husaidiwa na ketoni, nishati ambayo ini huitengeneza kutoka kwenye mafuta. Aliyeshushwa na insulini hana hata msaada huo, kwa sababu insulini hiyohiyo huzuia ketoni kutengenezwa.

Kwa mtu asiye na kisukari, ulinzi huja kwa ngazi. Sukari ikikaribia 4.5, kongosho hupunguza insulini. Karibu na 3.8, glukagoni na adrenalini, homoni zinazopandisha sukari, hupanda. Karibu na 3, mtu anatokwa jasho, anatetemeka, moyo unadunda, njaa inamshika. Chini ya 2.8 ndipo fikra zinapoanza kuyumba. Kwa hiyo onyo hutangulia, akili huyumba baadaye, na kati yake kuna nafasi ya kutafuta kitu kitamu.

Mgonjwa huyu alishapoteza ngazi mbili za mwanzo. Insulini iliyokwisha kuchomwa hairudishwi, na kwa aina ya 1 glukagoni huacha kuitikia sukari inaposhuka ndani ya miaka michache ya mwanzo. Alibakiwa na adrenalini peke yake, na adrenalini nayo huzoea. Mwaka 1991 watafiti Simon Heller na Philip Cryer walionyesha kwa watu wasio na kisukari kabisa kwamba kushuka mara moja tu kunatosha kudhoofisha mwitikio wa mwili sukari ikishuka tena siku inayofuata. Sasa fikiria mtu anayeshuka mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Kiwango cha kuamsha adrenalini kinasogea chini hadi kinapita kiwango ambacho fikra zinayumba. Mpangilio unapinduka: akili inazimika kwanza, jasho linakuja baadaye au haliji. Usingizi na pombe huizidisha hali hiyo, na kazi nzito ya jana hupunguza mwitikio wa leo.

Ndiyo maana jibu la "mzima, sista" halikuwa ukaidi. Sehemu ya ubongo inayopima hali ya mwenyewe ni miongoni mwa zinazokosa chakula mapema. Kumwambia mtu wa namna hii "ukijisikia vibaya unywe sukari" ni maelekezo yasiyo na kazi, na ndiyo maelekezo pekee yaliyokuwa kwenye daftari lake.

Je, ubongo unaharibika moja kwa moja? Hapa inafaa kuwa makini, maana familia huambiwa mambo mawili yanayopingana. DCCT, utafiti mkubwa wa kisukari wa Marekani na Kanada, ulioanza mwaka 1983 na kufungwa 1993 ukiwa na watu 1,441 wa aina ya 1, uliendelea kuwafuatilia washiriki. Ripoti ya 2007, baada ya wastani wa miaka 18, haikuona kwamba kushuka kukali kwa sukari kumeporomosha uwezo wao wa kufikiri. Ufuatiliaji ulipofika miaka 32 na watu wakawa wazee, picha ilibadilika: waliowahi kushuka vikali walikuwa na uzito zaidi wa kufikiri na kutenda kwa haraka. Kwa wazee wa aina ya 2, utafiti wa California uliochapishwa 2009, wenye watu 16,667, ulikuta hatari ya ugonjwa wa kusahau inaongezeka kadiri matukio makali yanavyoongezeka, ingawa ubongo unaoanza kusahau nao husababisha makosa ya dawa, hivyo mshale unaweza kuelekea pande zote mbili. Kinachoua seli za ubongo waziwazi ni kushuka kwa kina kwa muda mrefu, kukiwa na fahamu zilizopotea, na sehemu ya kumbukumbu huwa kati ya zinazoumia mwanzo. Kwa kijana, madhara ya kila siku ndiyo makubwa: kupoteza hesabu ghalani, kuanguka kutoka juu ya mkorosho wakati wa kupogoa, pikipiki.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulikuwa kupandisha sukari kwa makusudi. Kwa wiki 3 lengo liliwekwa kati ya 8 na 12, na sharti kwamba isionekane namba chini ya 5. Uwezo wa mwili kutoa onyo unaweza kurudi mtu akikaa wiki 2 hadi 3 bila kushuka hata mara moja. Kushuka mara moja katikati kunarudisha nyuma. Uamuzi huu ulikuwa mgumu kuueleza kuliko mwingine wowote, kwa kuwa mgonjwa alikuwa amesifiwa miaka yote kwa namba ndogo. Aliambiwa pia upande wa pili wa jambo: kupunguza si kuacha. Mtu wa aina ya 1 akiruka sindano anaweza kuingia kwenye sumu ya ketoni ndani ya siku moja au mbili.

Dozi ikashushwa kutoka yuniti 40 hadi 30. Asubuhi mchanganyiko yuniti 18. Jioni mchanganyiko ulivunjwa: insulini ya haraka yuniti 4 kabla ya chakula, na ya kati yuniti 8 saa 4 usiku. Mchanganyiko wa saa 1 usiku ulikuwa unafika kileleni kati ya saa 5 na saa 9 usiku, amelala, kisha unaisha nguvu alfajiri wakati homoni za kuamka zinapandisha sukari. Hiyo 11.8 ya asubuhi ilitokana na insulini iliyoisha mapema, si iliyopungua. Kliniki ilipoongeza yuniti za jioni, iliongeza shimo la usiku na kuacha kilima cha asubuhi mahali pake. Siku za shamba, sindano ya asubuhi ni yuniti 14, na mlo wa katikati ya kazi ni lazima. Dozi hizi ni za mtu huyu. Anayesoma asizichukue kama zilivyo.

Paja lake la kulia lilikuwa na uvimbe laini mahali alipozoea kuchoma. Insulini inayoingia kwenye uvimbe hunyonywa bila mpangilio, leo kidogo, kesho yote. Alihamishiwa tumboni, akibadilisha sehemu kila siku. Kuhama huko peke yake huongeza nguvu ya dozi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipunguza. Anayehamishwa bila kupunguziwa anaweza kuanguka ndani ya wiki hiyohiyo. Alionyeshwa pia kuiviringisha chupa polepole mara 20 kati ya viganja kabla ya kuvuta, kwa sababu isipochanganyika, kila sindano huwa na uwiano wake. Chupa inayotumika inakaa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowekwa, kivulini, na haibebwi shambani.

Sukari ya dharura: vifuko 2 vya plastiki mfukoni, kila kimoja vijiko 4 vya chai vilivyopigwa sawa, karibu gramu 16. Badala yake nusu chupa ya soda ya kawaida, isiyo ya "sifuri". Kusubiri dakika 15, kurudia kama bado chini ya 4, halafu kula muhogo au ugali. Korosho haifai kwa kazi hii, ingawa ndiyo iliyo mkononi: mafuta yake yanachelewesha sukari kufika kwenye damu. Bibo lina sukari lakini hujui kiasi gani, na linaanza kuchacha upesi. Uraka ulizuiwa kabisa kwa miezi ya kwanza. Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya kwa saa nyingi, na harufu yake humfanya kila mtu aache kufikiria ugonjwa.

Mkewe alifundishwa kwa vitendo. Akiweza kumeza, mpe. Asipoweza, usimwage kitu chochote cha majimaji mdomoni. Mlaze ubavu, paka sukari iliyoloweshwa kidogo ndani ya shavu huku usafiri unatafutwa, na hilo si badala ya dripu. Mjomba aliitwa, akakaa kwenye mazungumzo. Kombe halikupingwa. Kilichokubaliwa ni mpangilio: sukari kwanza, mengine baada ya kuamka. Daktari aliyejaribu kubishana kuhusu mashetani angempoteza mjomba, na pamoja naye ruhusa ya kumwamsha mgonjwa usiku.

Fenobabitali haikukatwa ghafla, kwa sababu kuikata ghafla nako huleta degedege. Ilishushwa hadi miligramu 30 kwa wiki 4, kisha 15 kwa wiki 4, kisha ikaachwa.

Stripu zilikuwa 50. Zilipangiwa saa: mbili kwa siku kwa wiki 3, zikizunguka kati ya saa 8 mchana, saa 4 usiku na saa 9 usiku. Ya asubuhi ilipimwa mara moja kwa wiki. Kabla ya kupanda pikipiki anapima. Chini ya 5, haendeshi.

Matokeo

Wiki mbili za kwanza alilalamika mwili mzito na kiu, sukari ikicheza kati ya 9 na 13. Wiki ya 3, akiwa shambani, midomo ilianza kuwasha na mikono ikatetemeka, alipima, 3.4. Alikunywa kifuko kimoja. Msomaji wa kawaida angeiita hiyo hasara. Timu iliihesabu kuwa habari njema, kwa kuwa ni mara ya kwanza kwa muda mrefu onyo kumfikia akiwa na akili zake.

Aliulizwa swali moja mwanzoni na tena baadaye: kwa kipimo cha 1 hadi 7, ambapo 1 ni kujua kila mara sukari inapoanza kushuka na 7 ni kutojua kabisa, uko wapi? Mwanzoni alisema 6. Mkewe alisema 7. Baada ya miezi 3 wote wawili walisema 3; jibu la 4 au zaidi ndilo linaloashiria tatizo. Kwa miezi 6 hakuna degedege, pamoja na kwamba fenobabitali imeshaachwa. HbA1c ilipanda hadi 7.6.

Kumbukumbu haikurudi yote. Umakini na hesabu ni sawasawa, lakini akipewa maneno matatu ayataje baada ya dakika 5, mara nyingi anataja mawili. Kama hiyo ni alama ya alfajiri ile ya 1.6, au ya usiku mwingi uliotangulia, au alikuwa hivyo tangu zamani, hakuna kipimo cha awali cha kulinganisha.

Kilichofaa na kilichokwama

Kipimo cha saa 9 usiku kilifaa kuliko vyote, na gharama yake ni stripu moja. Swali la kutoa 3 kutoka 50 lilifaa kwa namna ambayo haikutarajiwa: mgonjwa aliposimuliwa majibu yake mbele ya mkewe, ndipo alipokubali kwamba kuna saa asizozijua.

Kuacha dozi karibu na ile ya nyumbani wodini ili mwenendo uonekane ni jambo la kujadiliwa. Mtu aliyetoka kwenye 1.6 kwa kawaida hupunguziwa angalau asilimia 20 siku hiyohiyo. Uangalizi wa usiku ulikuwepo, lakini ile 2.7 ilikuwa kushuka kwingine kwa ubongo uliochoka, na nusu ya taarifa ile ingepatikana kwa dozi ndogo zaidi.

MRDT chanya iliwaridhisha watu mapema mno. Kipimo hicho kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya malaria kupona, na hata malaria kali yenyewe hushusha sukari. Kila degedege na kila aliyepotewa na fahamu anapaswa kupimwa sukari kabla ya jambo lolote lingine. Stripu zikiwa zimeisha na mtu anachoma insulini, anatibiwa kama aliyeshuka. Dekstrosi isiyohitajika haitamdhuru kama saa moja ya kuchelewa.

Stripu ziliisha wiki ya 5, na kwa siku 12 hakukuwa na namba hata moja ya usiku. Kwa msimu ujao zimetengwa 20 za akiba kliniki kwa ajili ya Oktoba na Novemba, na dozi ya shambani itaanza wiki moja kabla ya kuokota. Suala la kufunga Ramadhani lilijadiliwa pamoja na shehe wa msikiti wao: aina ya 1, kushuka vikali hivi karibuni na kukosa onyo vinamweka kwenye kundi la hatari kubwa zaidi, na mwaka huu hatafunga.